Unga Uleule, Mara Tano

Jumatatu, 6 Novemba 1995

Wap.

Sauti ndogo, kama ya mbwa mchanga aliyekanyagwa mkia. Nilirudi nayo kutoka Lubumbashi mwezi wa sita na haijanitoka. Profesa Zéphirin Numbi aliinua neli yenye hidrojeni, akaisogezea kiberiti, ikalia wap, na darasa zima likacheka. Kisha akapitisha hidrojeni ileile, pamoja na kaboni dioksidi, juu ya unga mweusi uliokuwa umepashwa moto. Akakinga kilichotoka upande wa pili, akawasha. Hapakuwa na sauti. Mwali wa buluu ulisimama tu mdomoni mwa neli kama mtu aliyeingia kanisani.

"Mumesikia?" aliuliza.

Tukasema hatukusikia kitu.

"Njo hivyo."

Wiki iliyofuata maprofesa waligoma, kitivo kikafungwa, nami nikarudi Likasi: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiye na chuo. Nina kumbukumbu moja, yaani tasnifu, ya kuandika ili nipate diploma, na somo lake ni unga ule. Ni kobalti iliyotawanywa juu ya udongo mweupe. Chembe zake hupimwa kwa nanometa, yaani milimita iliyokatwa vipande milioni. Unga wenyewe hauliwi na kazi. Unapatanisha hewa mbili, unatoa gesi ya kupikia, ile inayowaka kimya, halafu unabaki vilevile, tayari kuanza tena. Hiyo ndiyo nadharia.

Leo Mansour, jirani yetu mwenye taksibasi ya Lubumbashi, ameniletea barua ya Profesa. Profesa anaondoka kwenda Lusaka mwisho wa mwezi wa tatu, na baada yake hakuna mtu kitivoni atakayelishika somo langu. Orodha ya watakaotetea inafungwa Ijumaa tarehe 22 Machi. Ameandika: "Unga uleule, mara tano, na kila mara umepimwa na mwali umewaka kimya. Ukiwa na mara nne, kaa nyumbani."

Nimeisoma mara tano ili nizoee hesabu.

Alhamisi, 9 Novemba

Vitu nilivyo navyo: chupa ndogo ya chumvi ya kobalti, ya rangi ya waridi, zawadi ya Profesa. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Maji ya betri ya gari, kutoka kwa Mansour. Zinki ya maganda ya betri za redio, ambazo mtaa mzima umeahidi kunitunzia. Nikiyatia katika maji yale, hidrojeni inachemka yenyewe. Mizani ya dispensari, ambako masista wananiruhusu kuingia Jumamosi.

Nisichokuwa nacho: bomba la chuma la kuwekea unga juu ya moto.

Nilisema hayo mezani bila kumwomba mtu. Baba alimaliza kula, akatoka. Nilisikia msumeno. Nilipofika uani alikuwa amepiga magoti juu ya baiskeli yake, ile aliyoendea kiwandani miaka kumi na tisa, akikata bomba la kiti. Sisi baiskeli tunaiita kinga. Tangu mwezi wa nane hawajamwita kazini, wala kumwambia kwamba hawatamwita.

"Tata, kinga yako," nilisema.

"Kinga haiko na fasi ya kwenda tena," alisema, akapuliza vumbi la chuma. "Shika upande ule. Usitetemeshe."

Jumanne, 14 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 18 Novemba

Suala la kaboni dioksidi limeisha, na mwenye kulimaliza ni Tantine Georgette, dada yake baba, ingawa bila hiari. Tantine anapika lutuku, pombe kali ya mahindi, nyuma ya nyumba. Mahindi yake huchacha siku tano ndani ya pipa, na pipa hutoa viputo mchana kutwa. Viputo vile ni kaboni dioksidi tupu. Nilifunika pipa, nikatoboa kifuniko, nikaunga mpira, na mpira nikauingiza katika chuba ya gari, ule mpira wa ndani ya tairi, ambayo Mansour haitumii tena. Kufikia mchana chuba ilikuwa imevimba.

Tantine alinikuta nikiipapasa.

"Dani, hii pipa ni yangu," alisema. "Ukiiba na pumuzi yake, minye nitabakia na nini?"

Nilimweleza kwamba pumzi ile huwa inapotea tu hewani. Alifikiri, akauliza kama wateja watajua. Nikasema hawatajua. Basi akakubali, kwa sharti kwamba gesi ikipatikana, chai ya kwanza ni yake.

Jumamosi, 25 Novemba

Siku nzuri, na niiandike polepole.

Udongo mweupe nilinunua sokoni: pemba, ileile wanayotafuna wajawazito. Muuzaji alinitazama tumbo, akaniongezea kipande. Niliusaga, nikauloweka katika maji ya waridi ya kobalti, nikaukausha, nikauchoma, kisha nikaupitishia hidrojeni ukiwa moto hadi ukawa mweusi. Gramu tatu na nusu. Nikauchanganya na mchanga mweupe uliooshwa ili joto lienee, nikaujaza katika bomba la baiskeli, bomba juu ya mbabula ya makala, jiko la makaa.

Joto napima kwa njia ya baba. Juu ya bomba anaweka punje mbili, moja ya bati, moja ya risasi. Bati likiyeyuka na risasi ikiwa bado ngumu, ndipo tunapotaka. Risasi ikianza kung'aa anavuta makala pembeni kwa kijiti. Miaka yote mbele ya tanuru, na anakaa juu ya kigoda akilinda punje mbili kama mtu anayelinda mayai. Hakuna aliyemwomba.

Nilifungulia hewa zote mbili. Nilikinga kilichotoka, nikawasha.

Kimya. Mwali wa buluu.

Baba alisema, "Imekufa?"

"Hapana, Tata. Njo hivyo."

Baadaye nilimwaga kila kitu katika sinia, nikapitisha sumaku chini ya karatasi, na unga mweusi ukauacha mchanga ukaja juu ya karatasi kama nywele zinazosimama. Gramu tatu na nusu, umerudi wote. Mara ya kwanza.

Jumamosi, 2 Desemba

Mara ya pili. Kimya. Nimeanza kuandika utangulizi wa kumbukumbu, na una majivuno kidogo.

Jumamosi, 9 Desemba

Mara ya tatu. Wap.

Nilidhani nimekosea bomba. Nikawasha tena. Wap. Hidrojeni inaingia hidrojeni, inatoka hidrojeni. Unga umelala. Mvua ilianza tukiwa kazini.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimeuchoma upya, nimeupitishia hidrojeni upya. Wap.

Jumatano, 13 Desemba

Mansour amemleta mkewe kutoka Kindu. Anaitwa Amisa, ana mtoto mchanga, Aicha, na kicheko kinachovuka ukuta kabla yake mwenyewe. Leo amekuja mara tatu: kuomba chumvi, kurudisha chumvi, kuuliza kama chumvi ilirudi yote. Anaongea mfululizo. Mtu kama huyo anafikiri saa ngapi?

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Kuku mmoja, watu watatu, na wimbo wa Tantine. Nimefurahi siku nzima bila kukusudia.

Jumamosi, 6 Januari 1996

Unga wa pili: kwanza kimya, pili kimya, tatu wap.

Mvua ilinyesha siku ile ya tatu. Nilirudi nyuma katika shajara hii: tarehe 9 Desemba, mvua pia. Basi ni unyevu. Chembe ndogo kiasi kile zinakunywa maji ya hewani. Nimehamishia kila kitu jikoni, nimefunga dirisha kwa gunia. Tantine anasema anapika ugali ndani ya maabara na maabara ndani ya ugali.

Jumatano, 10 Januari

Mvua. Sikufanya kitu. Amisa aliniuliza kupitia ukuta ninapika nini siku zote kisicholiwa.

Jumamosi, 20 Januari

Unga wa tatu. Mara ya tatu. Jua kali tangu asubuhi, hakuna wingu hata moja.

Wap.

Kwa hiyo si mvua.

Naandika jambo ninaloona haya kuliandika. Jioni nilikaa nikihesabu nani anaingia jikoni. Tantine, ambaye unga wake wa mahindi uko kwenye rafu ileile. Amisa, ambaye anagusa kila kitu akiuliza ni nini. Nilimwambia Tantine, kwa upole ninaoujua mwenyewe, kwamba mtu akigusa sinia langu aniambie tu. Alitazama mikono yake.

"Minye nilisha kugusa kintu yako siku gani?" alisema. Hakuimba tena usiku huo.

Nimebaki na chumvi ya waridi ya unga mmoja tu. Wiki tisa zimesalia.

Jumanne, 30 Januari

Ni vigumu kuandika nikiwa nacheka.

Ramadhani imeingia siku ya tisa, na Amisa anafunga. Hapiki mchana, hana la kuonja, basi amehamia mlangoni petu kukaa na watu. Nilikuwa uani nikichemsha hidrojeni ya kujaza chuba, nimenuna, bila matumaini yoyote. Amisa alikuwa amempakata Aicha. Akaziba pua kwa mtandio.

"Dada Danielle, nikuulize kitu, usikasirike."

Nikasema sikasiriki, nikiwa nimekwisha kasirika.

"Hapa kwenu mayai yanaoza wapi?"

"Mayai gani?"

"Haya. Ninayasikia kila siku ukifanya hiyo dawa yako. Nikiwa nimekula ninavumilia. Nikiwa nimefunga, pua inasikia mpaka mawazo."

Nilimwita baba. Tuliinama wote wawili juu ya chupa ya zinki, tukavuta pumzi. Baba akasema hasikii kitu. Mimi sikusikia kitu. Tantine alikuja, akanusa kama anayeonja mchuzi, akasema inanuka kama mjini. Amisa alitutazama mmoja mmoja.

"Benyewe ba Likasi," alisema, "muko bagonjwa?"

Ndipo ikanijia. Tumezaliwa chini ya bomba la moshi la kiwanda cha asidi. Baba alikuwa akirudi na moshi huo katika shati, mama yangu marehemu alifua shati, mimi nililala juu yake. Pua ya Likasi haisikii sulfuri. Na sulfuri ni sumu ya kobalti. Hilo nililijua kitabuni tangu mwaka wa pili, nikafaulu mtihani wake. Kidogo kinachopanda na hidrojeni kutoka katika maji ya betri kinang'ang'ania chembe moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza hakionekani, mara ya pili hakionekani, mara ya tatu hakuna chembe iliyobaki wazi.

Nilitaka ushahidi usiotegemea pua ya mtu. Jiwe la kijani la shaba halikosekani uani kwa mtu yeyote hapa. Tantine anazuilia mlango kwa moja. Nilimenya kipande, nikakiyeyusha katika asidi, nikapata maji ya buluu. Nikalowesha karatasi humo, nikaishika juu ya mdomo wa chupa. Ikawa nyeusi huku tunaangalia.

Amisa alisema, "Si nilisema?"

Amekuwa akiinusa tangu mwezi wa kumi na mbili, na mimi nilikuwa nahesabu mara alizoomba chumvi.

Jumatano, 31 Januari

Nimemwomba Tantine msamaha. Amesema ilikuwa nini tena. Kisha ameimba.

Jumamosi, 3 Februari

Hidrojeni sasa inapita kwanza ndani ya chupa ya maji ya buluu. Sulfuri inakamatwa na shaba na kuzama chini kama masizi. Hewa inayotoka, Amisa ameinusa na kuipitisha. Namwita mhandisi wa pua. Anasema mhandisi analipwa tende, na mimi sina tende.

Unga wa nne, wa mwisho. Gramu tatu na nusu.

Jumamosi, 10 Februari

Kwanza. Kimya.

Jumamosi, 17 Februari

Pili. Kimya. Silali vizuri.

Jumatano, 21 Februari

Mwezi haukuonekana juzi kwa mawingu, Waislamu wakatimiza siku thelathini, na Idi imeangukia leo, Jumatano ya Majivu. Saa nne Amisa aliingia na sinia la pilau, nguo mpya, Aicha akiwa na wanja. Alitukuta watatu tukiwa na majivu kwenye paji la uso, tumefunga.

"Siku thelathini minalala njaa mukikula mbele yangu," alisema, "na siku ninaleta chakula, njo munafunga?"

Baba alicheka mpaka akalazimika kukaa. Tuliifunika pilau kwa kitambaa hadi jioni. Tantine aliitembelea mara kadhaa, kuona kama haijapoa.

Jumamosi, 24 Februari

Tatu.

Baba alichukua kiberiti mkononi mwangu. Aliwasha yeye. Mvua kubwa ilikuwa ikipiga bati la jikoni, hatukuweza kusikia chochote, kwa hiyo tulilazimika kuangalia. Buluu. Ikasimama. Baba hakutoa mkono mpaka kijiti kikamwunguza.

Jumanne, 5 Machi

Nne. Kimya. Gramu tatu na nusu kasoro kidogo sana; masista wamenikubalia kupima ingawa si Jumamosi.

Zinki imekuwa shida. Watu hawanunui tena betri, redio za mtaa zimenyamaza. Nina maganda ya mara moja na kidogo. Lakini mara moja ndiyo iliyobaki.

Jumanne, 12 Machi

Nilikwenda dispensari kuomba mizani ya Jumamosi. Nilipotoka, unga ulikuwa jikoni ndani ya kisahani, una unyevunyevu kwa sababu nilikuwa nimeuosha. Baba aliuona. Kiwandani, kinachotoka majini huanikwa: ndivyo walivyofanya siku zote, wanatandaza juani na kugeuza kwa koleo. Jua lilikuwa limetoka. Akatandaza unga wangu juu ya kipande cha bati uani, vizuri kabisa, kingo zimenyooka, akakaa karibu kuulinda. Upepo wa kabla ya mvua ulikuja mara moja na kupindua bati.

Nilipofika alikuwa amepiga magoti, mikono imefunika ardhi, kama anayezuia kitu kisiruke. Mvua ilikuwa imeanza.

Nilisema, "Tata, nani alikutuma?"

Alivua shati, akalitandaza juu ya mahali pale, akaweka mawe kwenye pembe nne, akaingia ndani kifua wazi.

Niliingia chumbani. Nimeandika sentensi ile hapo juu ili niione jinsi ilivyo. Ni sentensi ileile niliyomwambia Tantine mwezi wa kwanza kwa maneno mengine. Na bomba limelala jikoni lenye alama ya msumeno.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Nimempelekea baba chai kabla hajatoka kitandani. Nimemwambia nilikosea kusema vile. Amesema, "Jumamosi udongo utakuwa umekauka. Leta sumaku."

Jumamosi, 16 Machi

Alikuwa sahihi kwa nusu. Tuliinua shati. Ardhi chini yake ilikuwa kavu upande mmoja na tope upande mwingine. Tulikwangua yote, tukaikausha jikoni, tukaiponda, tukaitandaza juu ya karatasi. Baba alishika karatasi, mimi sumaku. Nywele nyeusi zikaanza kusimama. Tantine akapiga makofi. Amisa, juu ya ukuta, aliuliza ni nini, akaambiwa, akapiga makofi pia.

Tulirudia mpaka hakukuja kitu. Nilikwenda mbio dispensari.

Gramu nne na robo.

Nilipima tena. Nne na robo. Ziliangukia chini tatu na nusu.

Sijawahi kupoteza kitu nikakipata kikiwa kimeongezeka. Nilirudi polepole. Njiani niliinama, nikachota udongo wa barabarani, nikaupitishia sumaku iliyokuwa mfukoni mwangu. Nywele nyeusi zikasimama. Bila shaka: mji wote huu umemwagikiwa madini tangu babu zetu. Uwanja wetu una chuma, labda una kobalti. Katika gramu zile nne na robo, sijui zipi ni zangu.

Jumanne, 19 Machi

Nilifanya. Makala, bati, risasi, maji ya buluu, chuba ya Tantine. Maganda yote ya zinki yaliyobaki. Baba kwenye kigoda.

Kimya. Mwali mzuri kuliko yote minne, wenye ncha ya njano.

Hatukuuzima. Tuliunga mpira kwenye chuba ya pili iliyokusanya gesi, tukaweka kikombe cha bati juu ya mwali, tukakaa kuzunguka. Ilichukua muda mrefu na Tantine hakuacha kukitazama. Maji yalichemka. Chai kutokana na pumzi ya pipa, betri zilizokufa na baiskeli. Tantine alikunywa ya kwanza, kwa mapatano, akafumba macho.

"Inakosa sukari," alisema. "Lakini ni tano. Andika."

Nikamweleza habari ya gramu.

"Moto iliwaka ao haikuwaka?"

"Iliwaka, Tantine."

"Basi tano. Profesa yako hatakuja kuramba udongo."

Nilimtazama baba. Alikuwa akikusanya punje zake mbili, bati na risasi, akizifunga katika karatasi. Alisema tu kwamba kiwandani, tanuru likipokea mawe ya machimbo mawili, wanaandika machimbo mawili. Kisha akaongeza, bila kuniangalia, kwamba kosa ni lake, na kwamba nikiandika tano hatasema neno mpaka kaburini.

Nilimpa Amisa kikombe. Akakataa: anafunga. Nikasema Ramadhani imekwisha mwezi mzima. Akasema kuna siku sita alikula kwa sababu ya damu, na sasa anazirudisha moja moja. Leo ni ya nne. Nikamuuliza nani angejua. Alicheka kile kicheko chake cha kuvuka ukuta.

"Si ni minye nilizikula?" alisema, akamhamishia Aicha bega la pili, akaanza kunieleza habari ya bei ya tende.

Nililala nikijua maneno yote mawili, nne na tano, na jinsi kila moja linavyoandikwa.

Jumatano, 20 Machi

Mansour huwasha gari saa moja na nusu na kuondoka saa mbili. Niliandika barua tangu alfajiri, mezani, baba akinipepea moshi wa makala usinifikie.

Niliandika: nne, kwa tarakimu na kwa herufi, ili isibadilike njiani wala moyoni mwangu. Chini yake nikaeleza mwali wa tano, jinsi ulivyowaka na jinsi ulivyochemsha chai, na kwamba gramu tatu na nusu zilirudi nne na robo, kwa hiyo sijui kilichowaka ni unga wangu au ni uwanja wa nyumba yetu. Nikaandika unga wa kwanza, wa pili na wa tatu uliokufa, na tarehe zake, na upuuzi wangu kuhusu mvua. Nikaandika kwamba sulfuri iligunduliwa na Bibi Amisa wa Kindu, kwa pua. Mwisho nikasema kwamba kama uwanja wa nyumba ya mtu Likasi unaweza kufanya kazi ya kobalti ya chupani, basi hilo nalo linahitaji mtu wa kulipima mara tano, na kwamba nitalipima, akiwa yuko Lusaka au popote, nikiwa na diploma au sina.

Niliifunga. Tantine alisoma uso wangu akajua, akaguna, akanipa kipande cha mkate kwa ajili ya Mansour. Baba alitembea nami hadi kwenye gari, kwa miguu, mikono nyuma.

Nilimpa Mansour bahasha mkononi. Aliuliza kama asubiri, labda nina la kuongeza. Nikasema sina.

Saa hizi atakuwa amevuka mto Lufira. Nimekwangua udongo wa uani mita moja kutoka pale shati lilipokuwa, mahali ambapo unga wangu haukufika, na uko juu ya mbabula unakauka. Baba ameweka bati na risasi. Amisa ameombwa betri za redio ya mumewe, naye amezitoa zikiwa bado nzima.

Mara ya kwanza.